TUSIWANGOJE WAKIMBIAJI MPAKA SIKU YA KOMBE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika ofisi ya michezo ya shule yetu zimetundikwa ukutani picha za timu za miaka mingi. Nimezitazama mara nyingi nikingoja ufunguo wa stoo ya mipira, na zamani nilidhani ni picha moja iliyotolewa nakala nyingi. Wachezaji wamesimama mistari miwili. Wa nyuma wamekunja mikono kifuani, wa mbele wamepiga goti. Kombe limewekwa katikati, na mwalimu yuko pembeni na koti lake. Hakuna atokaye jasho. Mgeni asiyejua habari zetu akiingia mle ataamini kwamba hapa Mtae mchezo wenyewe ni kusimama.

Mimi sina ugomvi na kombe. Likija, na lipigwe picha. Lakini maoni yangu, ambayo najua si wote watakaoyakubali, ni kwamba gazeti letu liwapige picha wakimbiaji wakati wa mazoezi, wala lisingoje siku ya ushindi. Tena mpiga picha achague mahali pa kusimama kwa kuwajua wakimbiaji, si kwa kuipinda kamera. Nasema hivyo kwa sababu muhula uliopita nilikabidhiwa kamera ya shule, nami nikakosea karibu kila namna ambayo mtu aweza kukosea. Kosa la mwisho lilinipotezea rafiki kwa muda wa wiki tano.

Kama mjuavyo, sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Kwa hiyo picha zote za gazeti hutoka katika kamera moja ndogo ya kidijitali, yenye betri moja ambayo hukaa na chaji kwa saa mbili ikiwa hakuna baridi. Hapa Mtae baridi ipo. Nilijifunza upesi kwamba betri ikipoa huonekana kama imekwisha, na ukiipasha joto hufufuka kidogo. Basi asubuhi nyingi nilitembea nimeibana kwapani, na watu wakidhani naumwa jipu.

Kwa wazazi ambao hawajafika huku, yafaa nieleze kidogo nchi yetu ilivyo, maana bila hayo hamtaielewa shida yangu. Kijiji kimekaa kwenye ukingo wa milima ya Usambara, na barabara yapita juu ya mgongo wa mlima, huku bonde na huku bonde. Chini yetu, kama meta 1,000 hivi, imelala tambarare ya Mkomazi, na ng'ambo yake ni milima ya Upare. Siku ikiwa nyeupe Kilimanjaro huonekana. Siku nyingine hauoni hata mti ulio mbele yako kwa ukungu. Uwanja wetu ni wa kutosha mpira wa miguu tu, tena goli moja liko juu kuliko jingine, kwa hiyo mbio ndefu hufanyiwa mazoezi barabarani. Mwezi wa Machi, wakimbiaji wetu walipoanza kujiandaa kwa UMISSETA, kamati ya gazeti iliniambia, "Tuletee ukurasa mmoja wa picha, lakini zisiwe kama zile za ukutani."

Basi siku ya kwanza nilisimama langoni. Wakimbiaji walirudi saa moja kasorobo asubuhi, nami nikampiga picha kila aliyepita, uso kwa uso, kama mtu atengenezaye vitambulisho. Nilipata picha 46. Mwalimu wa michezo alizitazama zote kwa subira, kisha akaniuliza, "Katika hawa, nani amechoka?"

Nikatazama, nisiweze kujibu. Wote walikuwa wamekwisha kuniona tangu konani, na kila mmoja alijitengenezea uso. Mmoja amecheka. Mwingine, ambaye najua alikuwa wa mwisho siku ile na alitembea karibu nusu ya njia, ametanua kifua kuliko wote.

Nikafikiri shida iko katika upande wa kupigia picha, nikaanza ujanja. Nililala mtaroni nikapiga picha kutoka chini, wakimbiaji wakaonekana majitu yenye vichwa vidogo. Nilipanda mkaratusi nikawapiga kutoka juu, wakaonekana siafu. Nilipiga miguu peke yake, bila mtu. Nilipiga sura zao katika dimbwi la maji ya mvua. Na jioni, jua linapozama ng'ambo ya tambarare, niliwaweka mbele ya mwanga wake hata wakawa vivuli vyeusi juu ya anga nyekundu. Hizo za jioni zilisifiwa na bweni zima, nami kwa siku nne nikajiona fundi.

Aliyenizindua ni mwenzangu wa kitanda cha chini. Aliitazama ile picha nzuri kuliko zote, akauliza, "Huyu ni nani?" Sikuweza kumwambia. Nilisahau. Na kwa kweli ukiondoa kivuli kile ukaweka cha mtu wa Ulaya, picha haipungukiwi kitu. Nimeona vitabuni na magazetini picha nyingi za Iten, huko Kenya, mji ulioko juu meta 2,400 hivi ambao umetoa mabingwa wa dunia; na nyingi ya picha hizo ni kundi la watu, vumbi jekundu na jua la asubuhi. Ni nzuri. Lakini ukifunika maandishi ya chini hujui ni mwaka gani wala ni nani. Wageni wajao hapa kwetu na huko Mambo kutazama bonde hupiga machweo yale yale kila jioni, nami simlaumu mgeni, maana yeye ana siku mbili tu. Mimi nimekaa hapa miaka minne. Hapana sababu ya kuona kama mgeni.

Nilipomweleza mwalimu wa michezo masikitiko yangu hakunipa somo la kamera. Alisema, "Kesho iache ofisini. Kimbia nao."

Mimi si mkimbiaji, na wanaonijua wanacheka sasa. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu umelala barabarani kama pamba. Kundi liliniacha katika kona ya pili. Katika kona ya tatu kina mama wawili wenye mizigo ya kabichi kichwani, wanakwenda mnadani, walinipita. Mmoja akanisalimu kwa upole, "Onga maundo," nami sikuwa na pumzi ya kuitikia. Aibu ile sitaisahau. Lakini nilipofika juu ya kile kilima kirefu nilipata jambo ambalo wiki tatu za kamera hazikunipa.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi tunaotazama tunadhani mahali pagumu ni kileleni, na ndiyo maana kila mpiga picha hukimbilia kileleni. Sivyo. Kileleni mkimbiaji hujikaza, kwa sababu anauona mwisho wa mlima, na pengine anakuona wewe na kamera yako. Ugumu uko mbele kidogo, kama hatua thelathini au arobaini baada ya kilele, pale barabara inapokuwa sawa lakini miguu bado inapanda. Goti halijui kwamba mlima umekwisha. Pale hakuna mtazamaji, na hakuna sababu ya kutengeneza uso. Mmoja hufumba macho. Mwingine hutikisa mikono kama anayekung'uta maji. Dada mmoja wa kidato cha tatu huhesabu kwa sauti, moja mpaka ishirini, kisha huongeza mwendo. Hayo yote yalikuwa yakitendeka kila asubuhi nami nilikuwa langoni nangoja.

Tangu siku ile mahali pangu pakawa pale, kwenye ukingo wa shamba la maharage la mzee mmoja jirani, ambaye kwa ruhusa yake nasimama. Nami nikaacha kuwa kioja. Hii ni siri nyingine isiyoandikwa katika kitabu cha kamera: siku ya kwanza watu wanakutazama, siku ya tano wanakusalimu, siku ya kumi hawakuoni. Picha njema zaanza siku ya kumi.

Niseme maneno machache juu ya ufundi, kwa wadogo zetu watakaopokea kamera hii. Ukiiweka ifunge kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, mkimbiaji huganda hewani, hata tone la jasho kwenye kidevu waliona. Ni ajabu, ila mara nyingi mtu aliyeganda hufanana na sanamu ya saruji, hana mwendo. Ukiiweka sehemu moja ya thelathini, ukazungusha kiuno chako ukimfuata kama mtu afuataye ndege kwa kidole, yeye hutoka wazi kiasi na mahindi yaliyo nyuma yake huwa mistari. Hapo mwendo huonekana. Katika picha 50 za namna hiyo nilipata 3 za kufaa, na moja kati ya hizo ilitoka kwa bahati nilipojikwaa. Ukungu nao usiuogope. Ukungu huondoa vijiti, nyaya, paa za mabati na kila kitu kinachovuruga macho, ukamwacha mtu peke yake.

Kuna jambo moja ambalo si la ufundi, nami nitalisema waziwazi ingawa wavulana wenzangu watanuna. Kulala chini barabarani nyuma ya wasichana wanaokimbia, kisha kuita jambo hilo upande mpya wa picha, ni utovu wa adabu. Wasichana wetu waliniambia hivyo wenyewe kupitia kiranja wao, nami nikafuta picha mbili ambazo sikuwa nimezipiga kwa nia mbaya, lakini nia yangu haikuwasaidia kitu. Dada yule anayehesabu aliniomba nimpige akiwa amekwisha kutengeneza mtandio wake, maana upepo wa ukingoni humfunua. Nikaona nitapoteza ile hali ya kujisahau niliyoisifu hapo juu. Sikupoteza. Alitengeneza mtandio huku anakimbia, kwa mkono mmoja, pasipo kupunguza mwendo, na ile ndiyo picha niipendayo kuliko zote. Mtaiona katika ukurasa wa kati. Ametoa ruhusa, na mama yake pia.

Sasa nije kwenye habari ya rafiki yangu, ambayo ameniruhusu niiandike ila nisitaje jina.

Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza habari za Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyekuwa akikaa Marekani. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi, akatandaza nyuzi, farasi alipopita akazikata moja baada ya moja na kila kamera ikapiga kwa zamu yake. Watu walikuwa wakibishana kama farasi apigaye mbio huinua miguu yote minne kwa mara moja. Picha zilionyesha kwamba huinua. Tena miguu haikunyoshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora, bali imekusanyika chini ya tumbo. Macho ya watu yalikuwa yakitazama farasi kwa maelfu ya miaka bila kuliona jambo hilo. Baadaye mtu huyu alipiga picha za namna hiyo za wanadamu wakikimbia, wakiruka na wakinyanyua vitu.

Nilipenda sana habari ile nikataka kuiga. Kamera yetu yaweza kupiga picha tano mfululizo ukiibonyeza bila kuiachia. Basi asubuhi moja mwezi wa Aprili nilichutama mtaroni, mbele ya kile kilima, nikiwalenga wakimbiaji wavulana tangu goti mpaka kwenye lami ya udongo, nikampiga rafiki yangu picha tano alipopita. Nia yangu ilikuwa uzuri tu: matope yaliyoruka, unyayo unaoinuka, mwanga wa chini. Jioni nikazionyesha ofisini katika kompyuta, zimepangwa moja baada ya moja, na mimi najisifu.

Mwalimu wa michezo hakusifu. Aliinama, akarudia kuzitazama, akasema, "Mguu wa kulia unatua kwa ukingo wa nje. Huyu anakwepa maumivu." Akamwita palepale. Akambonyeza ugoko kwa kidole gumba, na rafiki yangu, ambaye wiki tatu alikuwa akificha, akashindwa kuzuia uso wake. Akapelekwa kwa tabibu. Akaambiwa apumzike wiki sita, asikimbie hata kwenda jikoni. Wiki sita zilipita juu ya mashindano yote ya wilaya. Alikuwa ndiye wa kwanza wetu katika mbio ndefu, na ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni.

Alikuja bwenini usiku, akasimama mbele ya kitanda changu, akasema maneno machache tu: "Kamera yako imenichongea." Kisha hakunisemesha mpaka Juni.

Nimelifikiri jambo hili kuliko hesabu zangu zote za mwaka huu. Kwanza nilijitetea kwamba mimi sikujua. Ni kweli, sikujua, lakini si jibu. Nilimpiga picha mtu, nikaitoa mbele ya wengine kabla yeye mwenyewe hajaiona. Siri ya mwili wake niliisambaza kwa sababu niliona matope yanapendeza. Hapo nimekosa.

Lakini hebu tazameni upande wa pili, maana hapa ndipo ninaposhindwa kulala. Kama ningemwonyesha yeye kwanza, angeniomba niifute. Namjua. Nami, kwa kuwa ni rafiki yangu, ningeifuta. Angeenda wilayani na mguu ule, pengine mkoani, na tabibu alisema ufa mdogo katika mfupa ukiendelea kupigwa waweza kuwa mvunjiko. Je, ningekuwa rafiki mwema zaidi? Baadhi yenu mtasema ndiyo, na wengine la. Maoni yangu ni kwamba mpiga picha wa mazoezi amwonyeshe mwenyewe kwanza, siku ile ile, wala asiifute. Na ikiwa ndani yake kuna dalili ya kuumia, amwambie mwenyewe aende kwa mwalimu kwa miguu yake kabla ya kengele ya usiku. Asipokwenda, waende wawili. Najua kanuni hii si tamu. Nimeipeleka kwa kamati ya gazeti nao wanaijadili.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni matata ya bure, na kwamba tukibaki na picha za kombe hatutamwudhi mtu. Mzazi mmoja aliniambia siku ya kutembelea wanafunzi kuwa yeye ataka kumwona mtoto wake msafi, si mwenye makamasi ya baridi. Namheshimu mzee huyo. Hata hivyo nataka nimkumbushe mambo ambayo Watanzania wote twajivunia.

Oktoba 20, 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa kwetu aliumia goti katika marathoni, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na jua limezama. Kama wapiga picha wote wangeamini kwamba kazi yao hukoma medali zinapovalishwa, leo tusingekuwa na picha yake akichechemea na mguu uliofungwa, nasi tungelijua jina lake kama namba ya mwisho katika orodha.

Tena Filbert Bayi, Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Siri ya mbio zile haikuwa mwishoni. Aliongoza tangu mzunguko wa kwanza, akawaacha wenzake wakimfukuza. Aliyengojea mstari wa mwisho na kamera yake alipata mshindi, hakupata mbio.

Na jambo la karibu zaidi, ambalo sote tulilishangilia: Septemba 15, 2025, huko Tokyo, katika mashindano ya dunia ya riadha, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni kwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Macho ya watu hayakuweza kuamua. Iliamua picha. Kamera ya mstari wa mwisho ilisema Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde, nayo Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kamera ile haitazami uwanja. Hutazama ufa mwembamba juu ya mstari, mara maelfu kwa sekunde moja, kisha huziunganisha nyuzi zile zikawa picha. Basi kazi ya kuonyesha nani ameshinda imekwisha kupewa mashine, na mashine yaiweza kuliko mimi. Kati ya medali ya shaba ya Simbu mjini London mwaka 2017 na dhahabu hiyo ilipita miaka minane. Mashine ya mstarini haikuwamo katika asubuhi za miaka minane hiyo. Huko ndiko anakohitajika mtu mwenye miguu ya kupanda mlima na adabu ya kuomba ruhusa.

Rafiki yangu alipona. Mwezi wa Julai alianza kutembea kwa haraka, kisha kukimbia polepole katika uwanja, kisha barabarani. Jumamosi moja alinijia, bila salamu, akasema, "Njoo na kamera yako. Pale pale mtaroni." Nikaenda. Tangu hapo kila Jumamosi nachutama pale nampiga picha tano za mguu, tunazipanga chini ya zile za Aprili, yeye na mimi kwanza, kisha mwalimu. Picha za mwezi huu zaonyesha unyayo unatua sawa. Amesema atakimbia hata baada ya mtihani wa mwisho, shule iwepo au isiwepo.

Kamati ilitaka ile picha ya Aprili iwekwe katika gazeti hili, maana kwa kweli ni nzuri: matope yamesimama hewani kama mbegu, na mwanga umepita chini ya kisigino. Nimemwomba ruhusa mara mbili. Mara mbili amekataa. Kwa hiyo katika ukurasa wa kati mtaona picha tatu badala ya nne, na nafasi iliyobaki mhariri amejaza tangazo la duka la shule.